Wajukuu wa Bi Kidawa 🌴

Alhamisi, saa 3:10 usiku

Suleiman: Jamani Jumamosi baada ya isha tunarudi ngome ya Blackrock Spire kwenye World of Warcraft, tunachezea kwa ami. Watu watano. Nataka majina

Suleiman: Tiki za buluu naziona, mmesoma wote

Suleiman: Na Hamad safari hii akae nje

Hamad: Kwa nini? Mie levo 60 kama wewe

Suleiman: 60 ya kukokotwa! Umemlipa mtu dhahabu, umekaa mlangoni Zul'Farrak unakunywa urojo, yeye anachoma maadui makundi kwa makundi

Salma: Urojo wa wapi huo nije 😂

Suleiman: Mwindaji anapata mnyama levo 10. Akipanda mwenyewe, huko chini ndo anajifunza lini azime Growl, ule mngurumo wa mnyama unaovuta maadui wampige yeye, lini amfiche mnyama kabla hajaruka chini. Akikosea anakufa peke yake. Hamad karuka, chui wake kazunguka njia nzima katuletea orc wote

Salma: Hilo kweli. Na Growl iko wazi, mana yangu ya kuponyea imeniishia namponya chui badala ya Zuhura

Maulidi: Chui mwenyewe ana adabu kuliko Sule

Seif: Blizzard wenyewe, wenye gemu, waliuza levo 90 mwaka 2014, na 58 mwaka 2021. Leo mtoto ndo mkosa? Na wewe Deadmines nani alikukokota? VanCleef, bosi wa huko, hujamgusa hata kwa kidole

Suleiman: Ilikuwa mara moja. Na wewe ile vocha ya Idd pili iko wapi?

Seif: Tulishamalizana

Suleiman: Wewe na nani??

Maulidi: Kuna anayekwenda Darajani kesho? Mama anataka pweza

Ami Mbarouk: Asalaam aleikum. Nimesoma yote. Mtoto wa dada yangu asisemwe hivyo humu. Jumamosi atakaa ubavuni mwa Suleiman, aoneshwe. Hamtaki, nachomoa waya wa intaneti.

Saa 4:02 usiku

Suleiman: Waaleikum salaam ami. Shikamoo. Sawa ami

Salma: 🤐

Suleiman: Hamad njoo saa 11 jioni, tuanze na Growl

Hamad: Growl ndo kitufe kipi?

Seif: 😂😂😂

Ijumaa, saa 2:15 asubuhi

Zuhura: Jumamosi hii? Mie nipo Wete mpaka Jumatatu

Suleiman: Zuhura wewe ndo tenki, wa kupigwa badala yetu!!

Maulidi: Pweza jamani