Mji wetu unahesabu miche tu, miti hauhesabu. Nani katoa kibali cha kukata mikenge ya barabara ya hospitali?

Wakuu, habari za leo.

Nimevumilia vya kutosha, leo nasema. Mikenge iliyokuwa kando ya barabara ya kwenda hospitali imeshushwa yote ndani ya wikiendi moja. Jumamosi asubuhi waliingia na chenso na fuso, Jumapili jioni magogo yalishapakiwa na hakuna anayejua yamepelekwa wapi. Hakukubandikwa tangazo popote. Mwenyekiti wa mtaa nilipompigia, na yeye alikuwa anaulizia kwa watu. Jumatatu nikaenda ofisini, naambiwa ni kwa ajili ya mtaro. Mtaro gani? Vigingi vyekundu vya wapimaji viko upande wa pili wa barabara hadi leo, nendeni mkajionee.

Nani alisaini kibali? Magogo yameuzwa shilingi ngapi, na risiti ya serikali iko wapi? Chini ya ile miti ndiko walikokuwa wanakaa ndugu wa wagonjwa wakisubiri muda wa kuona wagonjwa, ndiko walikokuwa mama lishe na vijana wa bodaboda. Sasa hivi saa saba mchana mama aliyejifungua juzi anasimama juani na kichanga amemfunika kanga. Hili ndilo linaloniuma kuliko yote.

Na msiniambie "tutapanda mingine". Kila halmashauri nchini imeagizwa kupanda miti 1,500,000 kwa mwaka, agizo zuri kabisa. Lakini kwetu kinachoandikwa kwenye taarifa ni miche iliyopandwa, siyo iliyo hai. Pale karibu na stendi niling'oa mche uliokauka, ukatoka na kiriba chake! Plastiki nyeusi nzima, haijachanwa hata kidogo, mizizi imejizungusha humo ndani mpaka ikafa. Yaani mtu alichimba shimo, akautumbukiza na kiriba, akafukia, picha zikapigwa, magari yakaondoka. Wa pembeni yake nao hivyo hivyo. Iliyobahatika kupandwa vizuri imeliwa na mbuzi, maana haina uzio, na kiangazi chote hakuna aliyepewa kazi ya kumwagilia.

Tena wanapanda miashoki. Inasimama wima, inapendeza getini, ila kivuli hakuna. Mji wenye jua kama letu unahitaji mti unaotandaza matawi.

Iliyosalia nayo inateswa. Waliopewa tenda ya kusafisha njia ya nyaya za umeme wanaikata miarobaini vichwa. Mti uliokatwa kichwa unatoa machipukizi mengi kwa pupa, yameshikilia juu juu tu, na hayo ndiyo yatakayokatika na upepo wa masika na kuangukia nyaya zile zile. Tawi hukatwa pale linapoungana na shina, nje kidogo ya ule uvimbe, ili jeraha lijifunge. Ukiacha kipande kirefu kinaoza, na uozo unaingia ndani ya shina. Wakulima wa kahawa wanajua kupogolea, iweje mwenye tenda ya mamilioni asijue?

Halafu kuna wenye fremu. Kuna mwarobaini mbele ya fremu mpya za sokoni umemenywa gome kuzunguka shina lote, upana wa kiganja, kisha ukapakwa oili chafu. Chakula kinachotengenezwa na majani hushuka kwenye mizizi kupitia gome la ndani. Likikatwa duara zima, mizizi inakufa njaa na mti unafuata. Miezi michache ijayo utasikia "umekauka, ni hatari kwa wateja, ukatwe". Tulitoa taarifa, tukaambiwa tuandike barua. Tumeandika. Kimya.

Msinidanganye kwamba sheria hakuna. Sheria ya Serikali za Mitaa (Mamlaka za Miji) Na. 8 ya 1982 inaipa mamlaka ya mji nguvu ya kutunga sheria ndogo. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inataka kila halmashauri iwe na afisa wa mazingira. Ushuru wa maegesho walijua kuutungia sheria ndogo haraka sana, ila miti miaka nenda rudi hakuna.

Na inawezekana. Mwaka 2020 Nairobi, ule mti mkubwa wa mugumo wa barabara ya Waiyaki Way ulitakiwa ung'olewe kupisha barabara ya juu. Watu wakapiga kelele, Rais Kenyatta akaamuru ubaki. Barabara ikajengwa na mti upo. Hapa kwetu Ujiji na Tabora bado kuna miembe ya njia ya misafara ya karne ya 19. Mti mkubwa haurudishwi kwa bajeti ya mwaka mmoja.

Ninachotaka mimi ni daftari la miti ya barabarani, kila mti na namba yake, na tangazo libandikwe kwenye mti wenyewe siku 14 kabla ya kukatwa, likiwa na sababu na jina la aliyeidhinisha. Na mwenye fremu anayemenya gome atozwe faini inayouma.

Mwenye nakala ya sheria ndogo ya miti ya halmashauri yake, au ya mji wowote, naomba aiweke hapa. Kikao cha baraza la madiwani kinakuja, nataka niingie nayo mkononi. Na kama kuna aliyeliona lile fuso likishusha mzigo, aseme ni wapi.