Nyanya robo ekari kwa maji ya kisima: anayeanza hukosea wapi?

Chipukizi: Wakuu, salaam. Nina robo ekari na kisima, nataka kuanza na nyanya. Mbegu bado sijanunua. Wenye uzoefu naomba mnitajie makosa ya wanaoanza, hasa yale yanayomaliza shamba zima.

MzeeWaMatuta: Mkuu, kabla ya mbegu pima kisima. Wengi hupima ardhi, maji wanayakumbuka jua likishawaka. Nyanya zenye matunda kwenye jua kali hutaka kama lita 5 kwa kila mita ya mraba kwa siku. Robo ekari ni takriban mita za mraba 1,000, kwa hiyo lita 5,000 kila siku. Tega ndoo ya lita 20 kwenye mpira wa pampu, hesabu sekunde. Ikijaa kwa sekunde 40, unapata lita 1,800 kwa saa. Pampu itafanya kazi karibu saa 3. Pima mwisho wa kiangazi, na uiache ivute saa zote hizo mfululizo, maana mwanzoni unavuta maji yaliyokuwa yametuama tu. Kisima kikikauka katikati, punguza eneo. Bora miche 900 iliyoshiba kuliko 1,800 yenye kiu. Maji yakija leo yakakosa kesho, kalsiamu haifiki vizuri kwenye tunda, kitako kinaoza na kuwa cheusi.

Chipukizi: Shukrani. Nafasi je? Samadi ya ng'ombe ninayo, ila mbichi.

KitaluSafi: Sentimita 90 mstari hadi mstari, 60 mche hadi mche. Samadi mbichi usiitie shimoni, itaunguza mizizi. Irundike, iwe na unyevu, igeuze kila baada ya wiki mbili mpaka ipoe, iwe nyeusi na isinuke. Mbolea ya dukani ya DAP, kizibo kimoja cha soda kwa shimo: changanya na udongo, juu yake weka udongo mtupu, ndipo upande. Mbolea ya urea ukizidisha utavuna majani.

DaktariWaMimea: Mmea ukinyauka ghafla ungali wa kijani, usikimbilie dawa ya ukungu. Kata shina karibu na ardhi, lining'inize kwenye glasi ya maji safi. Ukiona uzi mweupe kama maziwa unashuka ndani ya dakika chache, huo ni mnyauko bakteria, na hakuna dawa ya kupuliza itakayouponya. Ng'oa pamoja na mizizi, toa shambani, choma. Vijidudu hukaa udongoni muda mrefu. Mkuu, hapo palilimwa nini msimu uliopita?

Chipukizi: Bilinganya. Upande wa bondeni zilinyauka nyingi.

DaktariWaMimea: Bilinganya ni ukoo mmoja na nyanya, pamoja na viazi mviringo na pilipili. Bondeni panda mahindi misimu kadhaa. Nyanya ziweke juu, maji yasitoke bondeni kurudi huko, na jembe lililolima bondeni lioshwe udongo wote kabla ya kupanda nalo juu.