IST inagonga ka ka ka nikikata kona na inatetemeka nikipanda mlima, ni gia boksi kweli?

Mtu_wa_Konde
Assalaam alaykum wote. Nina Toyota IST ya 2004, injini 1.3, otomatiki, natembea nayo Konde, Wete na Chake karibu kila siku na mara mojamoja nafika Mkoani kupeleka mzigo bandarini. Shida ni mbili na sijui kama ni kitu kimoja. Ya kwanza nikikunja stering mpaka mwisho, mfano nageuza njiani au naingia uani, nasikia ka ka ka ka mbele, nikikanyaga mafuta inazidi nikiachia inapungua. Ya pili ndo inanitia khofu, nikipanda mlima na gari imejaa watu inatetemeka yote, stering si sana ila kwenye kiti unaisikia khasa, nikifika juu nikaachia mafuta inatulia kama haikuwa na kitu. Fundi mmoja kaniambia gia boksi inakufa nitafute nyengine ya mtumba Unguja au Dar, mwengine kasema mauntingi za injini, vile vishikio vyake vya mpira. Gia zenyewe zinaingia vizuri, haistuki wala haitelezi na oili yake haijawa nyeusi. Gia boksi ni pesa nyingi yakhe, sitaki nivunje kibubu halafu mtetemo ubaki palepale. Mwenye kujua anisaidie kabla sijatuma pesa.

fundi_Kwarara
Waalaykum salaam ndugu yangu. Gia boksi iache kwanza. Hiyo gari mbele kila upande ina draivu shafti moja, chuma kinachotoa nguvu gia boksi kupeleka kwenye tairi, na kila shafti ina jointi mbili, ya nje iko kwenye tairi na ya ndani inaingia kwenye gia boksi. Ya nje ndo inayokunjika ukikata stering, ndani yake mna gololi sita zinatembea kwenye mifereji, mifereji ikilika gololi zinagonga na hiyo ndo ka ka ka yako. Ya ndani ni ya miguu mitatu yenye rola, tunaiita tripodi, hiyo ikilika hailii kwenye kona, inatetemesha gari pale inapobeba nguvu, yaani mlima, mzigo, kuondoka kwa kasi, ukiachia mafuta inanyamaza. Sasa soma tena ulivyoandika mwenyewe utaona jibu limo mle mle.

Lakini pima usikubali kwa maneno yangu tu. Tafuta uwanja wazi kunja stering yote kulia uzunguke pole pole huku unakanyaga kidogo, halafu kushoto, halafu rudia kwa rivasi maana kwenye rivasi mara nyingi inalia zaidi. Ikilia ukikata kulia aghlabu mbovu ni ya kushoto na ukikata kushoto ni ya kulia, ila sio lazima iwe hivo siku zote kwa hiyo ingia chini uangalie. Gari ikae juu ya stendi, nakuomba sana usiingie chini ya gari iliyoshikwa na jeki peke yake. Angalia zile buti za mpira zenye mikunjo, ikiwa imechanika utaona grisi imerukia ndani ya rimu na kwenye shokapu. Ichukue hiyo grisi uisage kwa vidole, ukisikia mchanga au ukiona inameremeta chembe za chuma jointi ishalika. Kisha shika shafti yenyewe uitikise juu chini karibu na tairi, jointi ya nje haitakiwi icheze. Ya ndani kuingia na kutoka ni kawaida yake, imeumbwa hivo ili shafti irefuke na kufupika tairi ikipanda na kushuka, na hapa ndo watu wanauziwa shafti bure kwa sababu fundi kaona inaingia na kutoka kasema mbovu. Wewe izungushe mbele nyuma uone kama ina uwazi.

Mauntingi zikifa utasikia kishindo ukitoa D ukitia R umesimama. Hujasema kishindo.

Kijana_Bububu
Mimi Vitz yangu ilitetemeka hivohivo ikawa balansi ya tairi tu. Na hiyo ya kugonga si uifungue uweke grisi mpya ufunge buti mpya umalize? Kwa nini mtu anunue shafti nzima

fundi_Kwarara
Kijana, balansi inafuata spidi haifuati mafuta. Tairi ikiwa haina balansi ukifika 80 itatetemeka ukanyage usikanyage. Yeye anasema akiachia inatulia, huo sio mtetemo wa tairi. Na beringi ya tairi ingekuwa inavuma kama upepo muda wote, ukilalia kona sauti inabadilika, nayo pia haijali mafuta.

Grisi mpya inaokoa jointi ambayo haijaanza kulia. Ukiwahi siku buti imechanika, ukaifungua ukaiosha kwa petroli ikakauka khasa, ukajaza ile grisi nyeusi ya molibdena inayokuja na buti (itie yote usibakishe, sio grisi ya kawaida ya beringi) ukafunga na bendi zake sio waya, inaweza kuishi miaka. Lakini ikishaanza kugonga maana yake chuma kishaliwa, na grisi hairudishi chuma. Itanyamaza muda mdogo halafu itarudi kubwa zaidi, na jointi ya nje ikivunjika njiani gari haiendi tena, injini inalia tairi hazizunguki.

Ummu_Fuoni_Spea
Naomba niulize kabla watu hawajanunua kitu, hiyo gari imeinuliwa? Maana IST nyingi zinazokuja dukani kwetu kuulizia shafti zimetiwa spesa, vile vipande vya kuinulia gari, juu ya spring ili zisikwaruze kwenye matuta na barabara za kifusi, na huko Pemba kwenye njia za mashamba ndo zaidi.

Mtu_wa_Konde
Ndio dada, nilivyoinunua ilikuwa ishainuliwa, spesa nene kiasi cha vidole vitatu. Na jana nimeingia chini. Buti ya nje kushoto imechanika mzunguko mzima, rimu yote grisi na ina mchanga. Za ndani zote mbili hazijachanika ila ya kulia nikiizungusha kwa mkono ina uwazi nausikia kabisa tk tk. Uwanjani ilikuwa inalia nikikata kulia.

fundi_Kwarara
Basi ishajulikana, kushoto jointi ya nje, kulia jointi ya ndani. Na dada kauliza suala la maana kuliko yote yaliyoulizwa hapa. Ukiinua gari injini na gia boksi vinapanda na bodi lakini tairi linabaki chini, shafti inakaa mshazari kila wakati hata njia iwe nyoofu. Ile tripodi ikifanya kazi kwenye pembe kubwa inasukuma na kuvuta mara tatu kila mzunguko mmoja, ndo mtetemo wako wa mlimani. Ukiweka shafti mpya ukabakisha spesa hizo utarudi hapahapa na suala lilelile. Zitoe, au kama barabara inakulazimisha weka nyembamba kabisa. Spring mpya nzuri itakusaidia zaidi kuliko spesa.

Siku ya kufunga umwambie fundi wako mambo haya. Asivute shafti kwa kushika chuma cha katikati, tripodi itachomoka ndani ya kikombe, aichokoe kwa mtaimbo penye kikombe karibu na gia boksi. Oili ya gia itamwagika kidogo, abadilishe na oili sili (ule mpira unaozuia oili) pale pale kwa sababu ni rahisi na kuja kuitoa tena ni kazi, kisha aongeze oili aina ileile iliyoandikwa kwenye kijiti cha kupimia oili ya gia. Gari isiteremshwe ikakalia tairi wakati shafti imetolewa, beringi inaharibika. Na ile nati kubwa ya katikati ya tairi inayoshika shafti atie mpya akaze kwa spana ya kupimia, kwa Toyota ndogo nyingi ni 216 Nm, halafu apige ule mdomo wake uingie kwenye mfereji isifunguke. Kukaza kwa bomba na nguvu za mwili tu sio kipimo.

Kuna watu watakwambia hamisha jointi za nje, ya kushoto ipeleke kulia, ili gololi zitembee upande wa mfereji ambao haujalika. Kelele itapungua kweli. Mimi siwafanyii wateja wangu, hasa mtu anaebeba abiria.

Mtu_wa_Konde
Allah akulipeni kheri. Shafti nitaagizia Unguja ije na boti. Ninunue mpya ya dukani au mtumba wa Japani?

Ummu_Fuoni_Spea
Mtumba orijino ukiwa mzima mimi naupenda kuliko mpya za bei rahisi, zile mpya nyengine buti zake zinapasuka mapema. Ila mtumba uukague, kunja jointi ya nje mpaka mwisho uizungushe, iende laini isikwame pahala, na buti uibinye uangalie ndani ya mikunjo maana ufa unaanzia huko. Kwako wewe kushoto unaweza kununua jointi ya nje peke yake, kulia chukua shafti nzima.

Na kabla hujatuma pesa kwa mtu yoyote toa shafti ya zamani, hesabu meno upande wa tairi na upande wa gia boksi, pima urefu kwa tepu, angalia kama jointi ya nje ina ile ringi ya ABS (breki zinazozuia tairi kujifunga) yenye meno na uyahesabu pia. IST ya 1.3 na ya 1.5 usidhani zinaingiliana. Ya kulia ni ndefu kuliko ya kushoto kwa hiyo sema upande ukiwa umekaa kwenye kiti cha dereva, watu wanasimama mbele ya gari wanaangalia injini wanatuagizia ya kinyume na boti ishaondoka. Piga picha na tepu ikiwa imenyooshwa pembeni, itume kwa unaenunua kwake, akuoneshe na yeye ya kwake imelazwa hivohivo.