Hivi tunahudumia watu au tunajipiga picha tu?

Msharika_wa_nyuma
Bwana asifiwe wapendwa. Kuna jambo linanikera wiki ya pili sasa nikaona nilitoe hapa, maana nikilisema kanisani nitaambiwa nimepoa kiroho. Niko kikundi cha vijana, juzi kati tulienda kutembelea wazee kwenye makao yao, fulana za sare, sabuni, mafuta, mablanketi, tukaimba vizuri tu, halafu mwenzetu akahubiri kama dakika arobaini wazee wako juani wanasubiri, ndo tukaanza kugawa na kila anayepewa lazima ashike mzigo kwanza apigwe picha. Sasa kuna bibi mmoja, alipoona simu inamwelekea akavuta shuka akajifunika uso, na picha ikapigwa hivyohivyo. Ikarushwa kwenye grupu watu wakajaza amen. Mimi nikabaki naangalia ule mkono umeshika mche wa sabuni, uso hauonekani, amen ikanishinda kuandika.

Swali langu ni hili, hii ndiyo ile ya Mathayo 25 ya kumtazama mgonjwa au tulienda kujitazama wenyewe? Na je, neno lianze ndo msaada ufuate, au vipi? Naomba tujibizane kwa upendo tafadhali.

mama_wa_mapacha
Mwanangu hujapoa chochote. Mimi nimewahi kuwa upande wa kupokea ndo maana nakuelewa. Mume wangu alilazwa muda mrefu, watu wa kanisa walikuja wengi mno Mungu awabariki, wanasali wanaondoka, mlangoni wanasema ukihitaji chochote usisite. Sasa utaanzia wapi kumwambia mtu nahitaji moja mbili tatu? Dada mmoja ambaye hata hatukuzoeana alikuja akasema lete nguo chafu. Basi. Kesho yake karudisha zimefuliwa zimekunjwa, mpaka soksi kazipanga pea pea. Maombi ya wale wengine nayathamini sana ila zile soksi nilizililia. Yakobo 2 si ndo anamsema yule anayewaambia wenye njaa na uchi nendeni kwa amani mkaote moto, na mkononi hana kitu?

Jiwe_hai
Samahani mimi napingana kidogo. Picha zina kazi yake, waliochanga wanataka kuona mchango wao umefika, msipopiga mtaambiwa mmekula hela na hayo maneno yakianza kikundi kinakufa. Halafu tusiwe wepesi kugawa gawa tu, Paulo alisema asiyefanya kazi asile, tunazoesha watu kunyoosha mikono.

Mwl_wa_Jumapili
Jiwe_hai hapo kwenye uwazi uko sahihi kabisa ila uwazi sio lazima uwe uso wa mtu. Piga picha mizigo ikipakiwa, weka risiti, msimamizi wa makao asaini amepokea nini na ngapi, mchangaji makini ataridhika. Kuhusu Paulo soma tena 2 Wathesalonike 3:10, imeandikwa kama mtu HATAKI kufanya kazi. Hataki na hawezi ni vitu viwili, na mzee wa makao sijui unataka akalime wapi hahaha.

Jambo la picha hata ni dogo. Angalieni Matendo 6. Wajane wa upande wa Wayahudi wa Kiyunani, yaani wale waliokuwa wanasema Kigiriki, walikuwa wanarukwa kwenye mgao wa kila siku, watu wakanung'unika. Mitume hawakuwaambia mnyamaze mshukuru, walisema chagueni watu saba mnaowaamini wasimamie. Na yale majina saba, Stefano, Filipo, Prokoro mpaka Nikolao, yote ni ya Kigiriki, kwa hiyo mimi naona shughuli walikabidhiwa watu wa upande uleule uliokuwa unalalamika. Sasa sisi ni kikundi gani kilishawahi kumuuliza anayepokea kabla ya kwenda kununua? Tunakaa kikao tunaamua wenyewe sabuni, mwaka ujao sabuni tena.

La mahubiri kwanza au msaada kwanza, Luka 17 wakoma kumi walitakaswa akarudi mmoja tu kushukuru, Bwana aliuliza wale tisa wako wapi lakini ukoma hakuwarudishia. Msaada sio chambo. Kaisari Juliano aliyetawala Roma 361 hadi 363 hakuwapenda Wakristo hata kidogo, ila alimwandikia kuhani wa miungu yao akilalamika kwamba hawa Wagalilaya, ndivyo alivyowaita Wakristo, wanalisha maskini wao na wa kwetu pia. Aliona aibu. Na hao maskini "wa kwetu" walikuwa sio waumini, walikula tu.

Jiwe_hai
Hiyo ya risiti na sahihi naichukua. Ya HATAKI nayo sawa, nimekubali yaishe.

Msharika_wa_nyuma
Asanteni sana wapendwa. Naleta mrejesho. Jana nimeenda peke yangu, bila fulana, simu nikaiacha mfukoni. Bibi hata hakunikumbuka, afadhali. Nikafanya kama Mwl alivyosema, nikamuuliza, bibi nikusaidie nini. Akaniambia inama uangalie chini ya kitanda. Nikainama, nikahesabu miche minane ya sabuni imepangwa kama matofali, mingine bado na karatasi yake, ya kwetu ikiwemo. Vidole vyake vimepinda hawezi kufua wala kukamua nguo, anafuliwa na wahudumu kwa sabuni ya pale pale. Alichokuwa anataka ni kukatwa kucha za miguu, anasema viatu vinamuumiza na anaona haya kuwaambia wahudumu kila mara. Nikaazima mkasi, zile kucha ngumu jamani, tuliloweka kwanza kwenye maji ya moto tukapiga stori za ujana wake, mguu mmoja umenichukua nusu saa na kabla sijaushika wa pili kashasinzia. Alipoamka kaniambia huo mwingine niende nikaumalizie Alhamisi.