MREJESHO wa chess (sataranji): Caro-Kann, na yule askofu aliyekuwa anakufa kila mara

Habari zenu wakuu. Mwezi uliopita niliuliza hapa: nacheza Caro-Kann, ufunguzi wa kete nyeusi (e4 c6, d4 d5; herufi na namba ni jina la mraba ambao kete inakwenda), mpinzani anasukuma e5, natoa askofu (kete inayokwenda mshazari) f5, anakuja na askari h4. Mimi nilikuwa najibu e6, basi yeye anasukuma askari wake g4, f3, h5, askofu wangu kanaswa. Mkaniambia nisukume askari wangu h5 mara moja. Mmoja akanikumbusha kwamba h4 hiyo Mikhail Tal alimchezea Mikhail Botvinnik wakiwania ubingwa wa dunia 1961, nisiidharau.

Jumamosi kwenye mashindano, raundi ya tatu, ikaja ileile! Mkono ulitetemeka hadi nikaandika hatua kwenye mstari usio wake katika karatasi ya mchezo. Nikasukuma h5. Akaleta askofu d3, tukabadilishana maaskofu, nikacheza e6, kisha farasi e7 hadi f5. Hapo ndipo nilipoielewa h5: askari wake wa g hawezi tena kusogea g4 kumfukuza farasi bila kuliwa. Farasi akatulia pale, na baadaye akamla askari wa h4.

Nimeshinda hatua ya 47, saa yangu ikiwa imebaki na dakika mbili. Asanteni sana, kwa dhati kabisa.