Mjadala: Perege wa Ziwa Kyungululu tumzalishe kwenye matangi, au tupandikize sato?

Mwanzisha mada, Tukuyu

Wakuu, salamu kwenu, na shikamoo kwa wakubwa.

Huku kwetu Rungwe na Busokelo kuna hoja inazunguka vijiweni na kwenye vikundi vya wafugaji: kwamba maziwa yetu ya volkano yamekaa bure, samaki waliomo ni wadogo, basi yamwagwe ndani vifaranga wa sato ili baada ya muda watu wale na wauze. Mimi naipinga hoja hiyo. Nina pendekezo langu pia, na najua litawaudhi hata baadhi ya wanaoniunga mkono.

Chukueni Ziwa Kyungululu, ambalo vitabu vya zamani vimeliandika Chungruru. Ni ziwa dogo ndani ya shimo la volkano wilayani Rungwe. Humo yumo perege aliyepewa jina la kisayansi mwaka 1924, Oreochromis chungruruensis. Asili yake ni humo tu. Hayupo Ziwa Nyasa, hayupo Rukwa, wala hayumo kwenye ziwa jirani. IUCN, shirika la kimataifa la uhifadhi, limemweka kwenye daraja la walio hatarini kabisa kutoweka. Kile kiziwa ndiyo dunia yake yote, kikiharibika hana pa kukimbilia.

Sasa sato. Ni samaki mzuri mezani na sina ugomvi naye akiwa bwawani. Shida yake ziwani ni undugu. Sato na perege wa kienyeji wako karibu kiasi cha kuzaliana, na watoto wao nao wanazaa. Sato anakua haraka, ana mwili mkubwa, anashika sehemu nzuri za kutagia. Kizazi hadi kizazi damu ya kienyeji inapungua. Mwishowe mvuvi anavuta wavu, anaona perege, anafurahi, kumbe yule wa 1924 ameshakwisha na hakuna aliyemwona akifa. Hili si jambo la kufikirika. Utafiti uliochapishwa 2019 ulionyesha kwamba sato na perege wengine wa kupandikizwa wamesambaa kwenye mabonde mengi ya mito ya Tanzania, na chanzo ni sisi wenyewe, miongo mingi ya kuwabeba na kuwamwaga kwa nia njema.

Waliokulia Mwanza waulizeni ngege, perege wa kienyeji wa huko, yuko wapi. Alikuwa ndiye kitoweo cha Ziwa Victoria. Wakaja nyavu za kisasa, sato na sangara waliopandikizwa kuanzia miaka ya 1950, na leo ngege wa kweli unamtafuta kwenye viziwa vya pembeni, kama Kanyaboli kule Kenya.

Pendekezo langu ni hili: pasiingizwe samaki yeyote wa nje kwenye maziwa haya, na wakati huohuo tuanze kumzalisha perege wa Kyungululu kwenye matangi hapahapa mkoani, awe akiba. Nakaribisha hoja.

Mfugaji, Uyole

Mkuu, nimekusoma vizuri na sikubaliani na wewe.

Mimi nafuga sato, nalisha familia na kusomesha kwa hao sato. Wanaoishi pembezoni mwa hayo maziwa ni watu wa ndizi, chai na viazi, nyama wanaiona kwa nadra. Ukiwaambia wasipandikize samaki mkubwa kwa sababu ya samaki ambaye wao wenyewe wanamwona ni perege wa kawaida tu, umewapa nini mkononi? Uhifadhi wa aina hii kila siku unaangukia mabegani mwa asiye na kitu.

Halafu hayo matangi nani atayalipia? Pampu ya hewa inahitaji umeme usiku na mchana. Huku kwetu mwezi wa sita na wa saba maji yanakuwa ya baridi, samaki anagoma kula, hakui. Mradi ukiisha fedha, hao samaki wako wataishia kwenye kikaango cha mlinzi.

Mchangiaji, Mbalizi

Wazungu watakuja, watachukua mbegu, kesho watatuuzia wenyewe. Mimi nasema asiguswe mtu wala samaki.

Mwalimu wa biolojia, Iringa

Naomba niingie hapo kwenye suala la kuzalisha nje ya makazi ya asili, kwa sababu sisi wa Nyanda za Juu Kusini tuna mfano wetu, na unasomeka pande zote mbili.

Chura wa Kihansi aligunduliwa mwaka 1996 kwenye korongo la mto Kihansi, milima ya Udzungwa, mpakani mwa Iringa na Morogoro. Ni chura mdogo sana wa rangi ya dhahabu, hatagi mayai majini, anazaa watoto kamili. Alitegemea mvuke wa maporomoko. Bwawa la umeme lilipoanza kazi mwishoni mwa 1999, sehemu kubwa ya maji ikageuzwa kwenda kwenye mitambo ya megawati 180, mvuke ukakatika. Mwaka 2000 walichukuliwa vyura 499 kupelekwa Marekani. Wengi walikufa miaka ya mwanzo, kwa sababu hakuna aliyejua wanakula nini hasa na wanataka mwanga gani. Walioponea walikuwa kwenye bustani za wanyama za Bronx na Toledo. Huku korongoni yalifungwa mabomba ya kunyunyizia maji, vyura wakaongezeka, kisha wakaporomoka ghafla, na ugonjwa wa ukungu wa vyura ulikutwa kwao. Mwaka 2009 ikatangazwa kwamba porini hayupo tena. Mwaka 2010 vyura 100 walirudishwa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, na 2012 wakaanza kurejeshwa korongoni.

Anayeunga mkono matangi atasema: bila wale 499 leo tungekuwa na picha tu. Ni kweli. Lakini tazameni gharama. Miaka kumi na mbili, mabara mawili, na korongo lenyewe bado linahitaji mvuke wa mabomba. Hofu yangu, ndugu mwanzisha mada, ni kwamba tangi likishakuwepo litakuwa kisingizio. Kiongozi atasema "samaki yuko salama, wapo wanaomfuga", halafu ziwa lifunguliwe kwa kila mwenye ndoo.

Mvuvi mstaafu, Matema

Wanangu, marahaba. Mimi nitasema niliyoyaona.

Sisi wa Ziwa Nyasa tumeshuhudia watu wakija na mitungi ya hewa migongoni, wakizama kwenye miamba kutafuta samaki wadogo wa rangi, hawa mnaowaita samaki wa mapambo. Hawavui kwa kilo, wanavua mmoja mmoja kwa wavu mdogo, wanawapandisha taratibu maana akivutwa haraka kutoka kina kirefu tumbo linavimba anakufa. Kule chini upande wa Ruvuma, kwenye miamba ya Pombo na Ndumbi, kuna yule wa mistari ya bluu na nyeusi anayeitwa demasoni. Dume na jike wote rangi moja, hazidi urefu wa kidole cha mkono. Dunia imeambiwa habari zao juzi tu, 1994, na sasa wamejaa kwenye matangi ya vioo ya Ulaya na Marekani, wanazaliwa hukohuko.

Je, hiyo imeisaidia miamba yetu? Kwa upande mmoja ndiyo: anayezaliwa kwenye kioo huko anapunguza haja ya kuja kuvua hapa. Lakini hakuna anayeweza kuwachukua hao wa Ujerumani akawarudisha Pombo. Wamechanganywa, wameuzwa mkono hadi mkono, hakuna ajuaye babu yake alitoka mwamba upi. Samaki wa kupendezesha sebule ni kitu kimoja, mbegu ya kurudisha ziwani ni kitu kingine. Kijana wa Tukuyu, ukianza matangi yako, anza na daftari.

Mwanzisha mada, Tukuyu

Ndaga fijo, asante sana, baba. Daftari nimelichukua kama lilivyo, na nitalirudia.

Mfugaji wa Uyole, kaka, umenigusa mahali penyewe na sitakukwepa. Umeuliza nimewapa nini mkononi watu wa kandokando ya ziwa. Jibu langu ni bwawa. Anayetaka sato na apate sato, lakini kwenye bwawa lake, siyo ziwani. Bwawani unamlisha, unajua idadi, unamvua siku unayotaka. Ziwani unamwaga ndoo, kisha anayefaidi ni mwenye mtumbwi na nyavu, na huyo mara nyingi si yule maskini tunayemtetea hapa. Kikundi kikija na fedha ya vifaranga wa kumwaga ziwani, fedha hiyohiyo ichimbe mabwawa mawili ya kijiji. Hapo mimi niko upande wako.

Ila na wewe nikubane kidogo. Rungwe inapata mvua zaidi ya milimita 2,000 kwa mwaka. Nimeona bwawa la mfugaji mmoja likifurika masika: ukingo umekatika, maji ya tope yanaporomoka kwenye migomba, vifaranga wanarukaruka kwenye nyasi, na wengine wameshafika kijito cha chini. Kwa hiyo hata bwawa lina masharti: ukingo wa juu, mfereji wa kupitisha maji ya mvua pembeni, wavu wa matundu madogo kwenye bomba la kutokea, na lisichimbwe ndani ya mteremko unaoshuka ziwani. Maziwa kama Kisiba, lile la Masoko, hayana mto unaoingia wala unaotoka. Ndiyo maana samaki wake wamekuwa wa pekee, na ndiyo maana kosa likishaingia halitoki.

Kisiba nalitaja kwa makusudi. Mwaka 2015 jarida la Science lilichapisha utafiti wa samaki wadogo wa ziwa hilo, Astatotilapia calliptera. Wamegawanyika: madume wa ufukoni ni wa njano, wa kina kirefu ni wa bluu ya kukolea, miili na meno vinatofautiana, na wanaendelea kutengana ndani ya kiziwa ambacho kijana anakizunguka kwa miguu kabla jua halijawa kali. Wanasayansi wa dunia nzima wanakisoma. Sisi tunakijua zaidi kwa simulizi za hela za Mjerumani zilizozama humo. Nasema hivi kwa uchungu, maana hazina inayoogelea iko juu ya hizo hela.

Mwalimu, hofu yako ya kisingizio ni ya haki na ndiyo inayoninyima usingizi. Lakini Kihansi mimi naisoma hivi: walichelewa. Vyura walibebwa maji yakiwa yameshageuzwa, watu wakajifunza kuwalea huku wanakufa mikononi. Kujifunza kulea samaki kunatakiwa kufanyike wakati bado yuko tele ziwani, ambapo ukikosea hupotezi kila kitu. Na perege si chura wa Kihansi. Kumzalisha perege tunajua, wafugaji wetu wanafanya kila siku.

Namna ninayoiona ni hii. Jike wa perege wa jamii hii anabeba mayai mdomoni, na vifaranga wakitoka bado wanakimbilia mdomoni mwa mama wakitishwa, kwa takriban wiki mbili. Ukimpata jike mwenye taya zilizovimba, unamtikisa polepole ndani ya beseni la maji ya ziwa hilohilo, anatema. Unachukua vifaranga wachache tu, waliobaki unawaachia mama yao, unamrudisha. Hakuna mzazi anayetoka ziwani. Ukifanya hivyo kwa majike wengi, kila tangi linakuwa na damu tofauti, na hapo ndipo daftari la mzee wa Matema linaingia: tangi gani, jike gani, tarehe gani. Ukianza na jozi mbili tatu, baada ya vizazi vichache ni ndugu wanaoana, na hiyo si akiba.

Na matangi yawe ya saruji, yafunikwe wavu, kwenye eneo lisilo na sato hata mmoja. TAFIRI, taasisi ya utafiti wa uvuvi Tanzania, wana kituo Kyela, wataalamu wapo. Ndugu wa Mbalizi, hofu yako ya wageni ndiyo sababu nasisitiza matangi yawe hapa kwetu na si ng'ambo. Tukikataa kuguswa kabisa, atakayekuja kumchukua atamkuta peke yake, bila mwenyewe.

Mfugaji, Uyole

Kaka, la mabwawa ya kijiji nakubali, tena naweza kuja kuwaonyesha namna ya kupanga mfereji wa mvua, bure. La matangi bado. Hujajibu umeme, na hujajibu baridi.

Mwanzisha mada, Tukuyu

Baridi haimsumbui huyu kama inavyomsumbua sato wako, kaka. Yeye amezaliwa kwenye maji ya huku na hatumfugi kwa kilo, akikua polepole hakuna hasara. Umeme: tangi pana, samaki wachache, maji ya kijito yakiingia kwa mserereko na kudondokea juu, pampu haihitajiki. Vijito Rungwe havikauki. Kinachobaki ni mshahara wa mtu mmoja wa kuangalia, na hapo sina jibu zuri zaidi ya halmashauri kuliweka kwenye bajeti. Mwenye jibu lingine alilete.

Mama wa Busokelo

Mimi naishi huku mnakokusema. Watoto wetu wanavua hao perege kwa ndoano jioni, tunakaanga, ni watamu. Hakuna aliyewahi kuja kutuambia kwamba hawapo pengine duniani. Kabla ya matangi na mabwawa, njooni mtuambie kwenye mkutano wa kijiji, na mje na picha za yule sato, tujue wa kumkataa anafananaje.