Naomba ushauri: baada ya Dragnet nisikilize nini?

Wakuu, habari zenu. Nimenogewa na michezo ya zamani ya redio ya Marekani iliyotungwa kutokana na kesi za kweli za polisi. Nilianza na Dragnet ya NBC, ya mwaka 1949, Jack Webb akiwa Sajenti Joe Friday wa Los Angeles. Ninachokipenda ni ule ukavu wake: simu zinaita, watu wanahojiwa, nyayo zinasikika kwenye korido, na mwishoni tunaambiwa hukumu. Majina tu ndiyo yaliyobadilishwa, ili kuwalinda wasio na hatia.

Nikajaribu Gang Busters, iliyoanza 1936. Mh! Ving'ora na bunduki tangu mwanzo, hadi nikapunguza sauti. Ila kile kipengele cha kutangaza wajihi wa wahalifu waliokuwa wanasakwa kweli kilinivutia.

Sasa nisaidieni. Kuna mchezo mwingine uliotulia kama Dragnet? Halafu, kwa kuwa Webb alipewa kesi na polisi wenyewe, mnapimaje ukweli wake? Humo polisi ni nadra kukosea, na hapo ndipo ninapopata mashaka. Kuna aliyewahi kulinganisha kisa chochote na magazeti ya wakati ule? Kiingereza changu ni cha kawaida, msinipe chenye lafudhi ngumu.